Waliokula Nyuma ya Jiko la Maman Virginie

Bukavu, Jumatatu tarehe 17 Juni 2024. Jina langu ni Merveille Zagabe, mwanafunzi wa mwaka wa tano, na nimepewa heshima ya kuandika wasifu wa Maman Virginie Bulonza kwa ajili ya kitabu cha sherehe. Kabla sijaendelea naahidi kusema yote: yale yaliyotufurahisha, na yale ambayo mimi ningependa yasijulikane.

Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 28 Juni, Maman Virginie atavua aproni yake ya mpishi mkuu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi tisa ya kupika katika lycée yetu, shule ya sekondari ya wasichana. Alianza kazi Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, ametoka kwao Luhwindja na kitambaa kimoja cha nguo na kisu chake mwenyewe cha kukatia mboga. Kisu hicho kipo mpaka leo. Kimenolewa sana hata kimebaki chembamba kama unyasi, na hakuna msaidizi anayeruhusiwa kukigusa.

Kwa kawaida vitabu vyetu vya sherehe huandikwa kwa Kifaransa. Hiki kinaandikwa kwa Kiswahili kwa sababu Maman Virginie aliomba hivyo. Alimwambia Sister Laurette, préfète wetu, yaani mkuu wa shule, kwamba amesikiliza hotuba za watu wengine kwa miaka thelathini na mitatu na kuelewa nusu, na ya kwake anataka kuielewa yote.

Jambo la pili aliloomba ni kubwa zaidi, ingawa hakuliomba kwa mdomo. Mfanyakazi wa lycée yetu anapostaafu, dosye yake, yaani jalada lake la kazi, ikiwa haina doa, anasomewa attestation, hati ya huduma njema, mbele ya wazazi na wanafunzi, kisha anakabidhiwa ikiwa ndani ya fremu. Mwenye barua ya lawama kwenye dosye anapewa cheti cha kawaida cha miaka ya kazi, akichukulie kwenye meza ya sekretari siku nyingine. Papa Ignace, mume wake marehemu, aliyekuwa seremala wetu, alisomewa ya kwake mwaka 2009. Inaning'inia ukutani nyumbani kwao Kadutu. Siku nilipomsindikiza Maman Virginie na kikapu chake nilikuta pembeni ya fremu hiyo pametengwa nafasi tupu ya ukubwa uleule, picha zote nyingine zimesogezwa. Hakuna aliyehitaji kunieleza.

Alhamisi iliyopita nilifungua dosye yake ili ninakili tarehe za wasifu huu. Ndipo nilipoikuta barua ya lawama, na sababu ya barua hiyo ni mimi. Nitafika huko. Kwanza kazi yake.

Alianza kama msaidizi wa kukata mboga, akawa mpishi mkuu mwaka 1997. Kwa hesabu ya Monsieur Constantin, mwalimu wetu wa biolojia, amewalisha wasichana zaidi ya elfu nne, na baadhi yao sasa ni mama wa wasichana anaowalisha leo. Majina yetu hayashiki, ila tumbo la kila mmoja analijua. Elodie wa mwaka wa tatu, ambaye kwao ni Kamituga, anaitwa Yule-asiyekula-sombe, yaani kisamvu. Mimi niliitwa Mukoko kwa sababu nilipenda ukoko wa chini ya sufuria. Chumvi anaionja akiwa amefumba macho, na ole wake atakayemsemesha wakati huo.

Kuna habari ambayo masista wazee huisimulia kila mwaka. Wakati mmoja wa vita, kabla sisi hatujazaliwa, lango lilifungwa siku tisa na wasichana arobaini hawakuweza kurudi makwao. Stoo ilikuwa na nusu gunia la unga. Maman Virginie alikataa kwenda nyumbani. Siku zote tisa watu walikula viazi vitamu, mchicha tunaouita lenga-lenga, vitunguu vya majani vya poireaux na nyama ya dende, wale wanyama wadogo kama panya wanene ambao huku kwetu watoto huwafuga jikoni. Vyote vilitoka katika kipande kimoja cha ardhi, nyuma ya jiko, ambacho unaweza kukizunguka kwa hatua sitini. Hakuna aliyelala na njaa.

Kipande hicho ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu ndicho kazi yake kubwa kuliko zote na hakimo katika dosye.

Maman Virginie hugawa walaji wake mafungu mawili, kama shule inavyotugawa sisi: interne wanaolala shuleni na externe wanaorudi kwao jioni. Siku yangu ya kwanza ya zamu ya jikoni, nikiwa mwaka wa tatu, nilimwona chura mnene ametoka kwenye rundo la maganda, nikapiga kelele na kuinua fagio. Akanishika mkono.

"Acha. Ule iko externe wangu," alisema. "Bainterne niko nabapikia mia mbili na kumi. Baexterne, hakuna mutu anabahesabuka, lakini nao banakulaka hapa."

Kisha akanionesha mmoja mmoja, huku anamenya viazi. Majani ya viazi vitamu yanakwenda kwa dende. Mavi ya dende yanakwenda kwenye lenga-lenga. Lenga-lenga tunakula sisi, lakini viwavi nao wanakula, na Maman Virginie aliwaachia mstari wa mwisho wa bustani bila kinyongo, kwa sababu viwavi ndio chakula cha yule ndege mweupe na mweusi anayetikisa mkia. Maganda ya ndizi, ya viazi na ya maharagi yanakwenda kwenye rundo. Humo nyungunyungu na funza wanakula, na vyura wanawala hao na nzi juu yake. Kwenye dirisha la jiko buibui walitega, mijusi wakawinda buibui. Na chini ya paa, upande wa nyuma, kulikuwa na viota kumi na kimoja vya matope vya mbayuwayu. Hao walikuwa baexterne wake wapendwa. Kutwa nzima walipita juu ya ua wakikamata nzi na mbu wanaoruka, jioni wakaingia nyumbani. Kinyesi chao kilichoanguka alikizoa pamoja na jivu akakipeleka kwenye poireaux.

Hata ziwa la chini ya mji wetu lilikuwa na kiti chake mezani. Sambaza, samaki wadogo kama dagaa, zinazonunuliwa ufukweni zimekula vidudu vya maji ambavyo macho hayavioni vizuri, navyo vimekula uchafu wa kijani wa majini. Maji ya kuoshea sambaza yalimwagwa kwenye shina la mgomba, na huo mgomba ulizaa mikungu ambayo ilihitaji wasichana wawili kuibeba. Sambaza zilizoanikwa kwenye mkeka zilikuwa na mgeni mmoja asiyependwa, mwewe. Maman Virginie hakumwita externe. Alimwita inspecteur, yaani mkaguzi: anakuja bila kuitwa, anachukua iliyo nzuri, anaondoka.

Monsieur Constantin alikuwa akitufundisha mlolongo wa chakula kwa kuchora nyasi, punda milia na simba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona simba. Siku moja alikuja jikoni kuomba chai, akamkuta Maman Virginie anamweleza msaidizi mpya kwa nini utando wa dirishani hauondolewi. Chai ilipoa mkononi mwake. Wiki iliyofuata alitushusha darasa zima nyuma ya jiko na madaftari, akamwachia Maman Virginie saa nzima aseme. Mwisho wa mwaka mtihani uliuliza viumbe vitano vya nyuma ya jiko na kila mmoja anamla nani. Nilipata ishirini kwa ishirini.

Naomba msomaji akumbuke alama hizo anaposoma yanayofuata.

Mwezi Machi mwaka jana tulitangaziwa kwamba ujumbe wa wakaguzi utatembelea shule. Wakati huohuo Maman Virginie alipata habari kwamba kaka yake amefariki Luhwindja, akaenda kilio wiki mbili. Jumamosi tarehe 11 ikapangwa salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Mimi nilikuwa responsable, msimamizi wa usafi wa mwaka wa nne. Nilipewa wasichana kumi na wawili na agizo la kuosha refectoire, ukumbi wetu wa kulia, na kuta za ndani za jiko.

Tulimaliza saa nne asubuhi. Nilikuwa na nguvu bado, na nilikuwa na daftari ambalo nilipenda kuweka alama za kumaliza. Nikawaongoza wenzangu nyuma.

Maman Adélaïde, msaidizi aliyeachiwa jiko, alisimama mlangoni. Alisema Maman Virginie ameacha neno kwamba nyuma pasiguswe mpaka arudi. Nilimjibu kwamba wakaguzi hawatauliza Maman Virginie aliacha neno gani, wataangalia uchafu, na aibu itakuwa ya shule nzima. Nilimjibu hivyo mbele ya wasichana kumi na wawili, mimi wa miaka kumi na sita, yeye wa hamsini. Wengine walicheka. Akarudi ndani.

Tuliangusha viota vyote kumi na kimoja kwa mti wa fagio. Katika kimoja kulikuwa na mayai matatu, nikayafunika na jivu ili wadogo wasiyaone. Tulifuta utando wote. Tulipaka chokaa. Rundo la maganda tulilimwagia mafuta ya taa na kulichoma, na waliotoka humo walitoka vibaya. Mwisho nilinyunyiza dawa ya wadudu kwenye lenga-lenga na chini ya paa, mpaka chupa ikaisha. Pale nyuma palikuwa peupe kama zahanati. Jumatatu, kwenye mstari wa bendera, Sister Laurette alisoma jina langu na watu wakapiga makofi.

Wakaguzi walichelewa, kama wanavyochelewa. Walikuja tarehe 30.

Kufikia siku hiyo nzi walikuwa wameshika jiko. Maganda, kwa kuwa rundo halikuwepo, yalikuwa yanawekwa kwenye pipa wazi kungoja mtu wa kuyabeba, na mtu wa kuyabeba alikuja akipenda. Kwenye pipa hilo nzi walizaana. Dawa ilikuwa imewaua mwanzoni, lakini, kama Monsieur Constantin alivyonieleza baadaye, nzi wanahitaji wiki moja tu kuanza kurudi, na anayemla nzi anahitaji miezi. Viwavi nao walirudi kabla ya ndege, wakala lenga-lenga ikabaki vijiti. Tulikuwa na bugali na maharagi bila mboga. Mkaguzi mkuu alipofunua bakuli lake la sambaza, nzi watatu walikuwa wametangulia. Aliweka kijiko chini na hakula tena.

Maman Virginie alikuwa amerudi kutoka kilio tarehe 18. Nilikuwepo alipofungua mlango wa nyuma. Aliangalia chokaa mpya chini ya paa mahali viota vilipokuwa. Nilitegemea atapaza sauti. Alivuta kiti chake kifupi, akakaa, akapunga mkono mbele ya uso wake.

"Na sasa hizi nzi, nani atazikula?" aliuliza. "Ni miye?"

Wasichana walicheka, na yeye akacheka kidogo pamoja nao. Hakuuliza nani alifanya. Nami sikusema.

Jumatatu iliyofuata aliniita kutoka kwenye foleni ya chakula. Aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo nitamsaidia nyuma ya jiko kila jioni baada ya masomo, mpaka mwisho wa mwaka. Niliuliza kama ni adhabu. Alisema ni kazi.

Kwa hiyo nilijifunza tena, safari hii kwa mikono, yale niliyopatia ishirini kwa ishirini. Tulianza rundo jipya kwa majani ya mgomba na mavi ya dende. Alinituma bondeni kwa shangazi yake kuleta vyura sita kwenye ndoo yenye kifuniko, nikapanda nao moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kadutu, na dereva alipojua kilichomo aliniomba nishuke. Nilimalizia kwa miguu kwenye zile njia za mteremko, ndoo kichwani, vyura wanagonga kifuniko. Maman Virginie alicheka mpaka akashika ukuta. Mpaka leo mtaani kwao ninaitwa Maman-vyura.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukielewa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kuni, alimwaga maji ya kuoshea vyombo mahali palepale, kwenye udongo mtupu karibu na ukuta, pasipo na mboga wala mgomba. Ulipofika ukame wa mwezi wa saba, likizo, watu wakitafuta maji kwa vidumu, bado alipanda kutoka Kadutu kuja kumwaga ndoo moja pale. Nilidhani ni uzee. Mwezi wa nane, nilipokuja kumsaidia likizoni, nilimuuliza.

"Nabapatia matope," alisema. "Nyumba yabo ilianguka. Bakikosa matope hapa, batajenga kwa wengine."

Mbayuwayu wawili walishuka kwenye matope hayo katikati ya Septemba. Walichukua kidogo kidogo mdomoni, wakabandika chini ya paa, wakarudi. Wiki mbili nzima hakuna aliyeruhusiwa kufungua mlango wa nyuma kwa kishindo, hata padri. Leo, ninapoandika, viota ni saba. Nzi jikoni wapo wa kawaida tu, wa kutosha kulisha waliopo. Lenga-lenga imerudi, na mstari wa mwisho ni wa viwavi kama zamani.

Nilidhani habari imeishia hapo, imekwisha vizuri, na imekwisha bila mtu kujua. Nilijiambia kwamba nimefanya kazi na kazi imetosha.

Ndipo Alhamisi iliyopita nikafungua dosye. Ndani kulikuwa na demande d'explication ya tarehe 3 Aprili 2023, ile barua ambayo mfanyakazi anaandikiwa akidaiwa kosa na anapewa saa arobaini na nane kujieleza kwa maandishi. Ilisema jiko lilikutwa chafu na lenye nzi, na kwamba mpishi mkuu aeleze. Chini yake kulikuwa na barua ya lawama ya tarehe 6. Katikati yao, kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu ya bic ya buluu, kulikuwa na jibu lake. Nalinakili lote, kwa ruhusa ya Sister Laurette:

"Sister, nzi zilikuwa mingi, ni kweli. Nilienda ku kilio bila kuonyesha batoto nani anakulaka nini nyuma ya jiko. Wa kubaonyesha alikuwa miye. Nitabaonyesha."

Hakuna jina la mtu yeyote. Salongo haikutajwa. Kwamba aliacha agizo pasiguswe na agizo likavunjwa, halikutajwa pia. Na kusema kwamba hakutuonesha si kweli, kwa maana mimi alinionesha, mimi mwenyewe, akimenya viazi, mwaka mzima kabla. Nilikaa kwenye kiti cha sekretari mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwa Sister Laurette kabla ya sala. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoandika hapa: wakaguzi, Maman Adélaïde mlangoni, fagio, mayai, dawa. Nilieleza kwa nini nzi walikuja. Ilibidi nichore kwenye karatasi, mistari kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, kwa sababu Sister alisoma fasihi. Aliniuliza mara mbili kama viota vilikuwa kumi na kimoja. Alipoelewa, alivua miwani.

"Miye nilisoma jibu yake nikasema, huyu anakubali kosa," alisema. "Sikuuliza siku ile ya salongo alikuwa wapi. Na nilikuwa nimekupigishia makofi."

Alimtuma sekretari kuleta dosye. Kwenye barua ya lawama aliandika kwa mshazari kwamba imefutwa, akatia tarehe, sahihi na muhuri, akaiambatanisha na mchoro wangu. Kisha alimwambia sekretari aandae attestation ya huduma njema kwa jina la Bulonza Virginie, na fremu itafutwe mjini siku hiyohiyo, iwe ya ukubwa sawa na ile ya Papa Ignace. Huo ukubwa nilimwambia mimi.

Aliniambia pia kwamba alama yangu ya mwenendo itashuka kwenye buletini, ripoti ya alama, ya mwaka huu. Nilikubali, ni haki. Nimeomba buruse, ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, kwa ajili ya mwakani nitakapomaliza, na wanaotoa buruse wanaangalia mwenendo. Bado sijui watasemaje. Ningependa kusoma mambo ya wadudu na ndege, na nitaomba tena wakikataa. Mwisho Sister alisema niandike yote katika wasifu, na nisiliache jina lake nje. Nimetii.

Jumamosi nilikwenda kwa Maman Adélaïde kuomba msamaha kwa maneno niliyomwambia mlangoni. Alinipa ndizi mbili na kusema nilikuwa na mdomo mrefu siku ile. Nilimuuliza kama yeye ndiye aliyemwambia Maman Virginie jina langu. Alisema hakumwambia. Alisema pia hakuulizwa.

Sasa namgeukia yeye mwenyewe, kwa niaba ya wasichana mia mbili na kumi wa mwaka huu na wa miaka yote iliyopita.

Asante, Maman Virginie. Asante kwa bugali ya moto asubuhi za baridi, kwa chumvi isiyozidi, kwa siku tisa za lango lililofungwa, kwa kila msichana uliyemjua kwa kile asichokula. Asante kwa kutufundisha kwamba shule yetu ina walaji wengi kuliko wale wanaojibu wakiitwa majina. Uende nyumbani ukae, miguu juu ya kiti, mwingine akupikie, na ukikuta chumvi imepungua umwambie bila huruma. Dende wako kumi watashushwa Kadutu Jumamosi kwa gari la shule. Mungu akupe miaka mingi, afya ya magoti, na majirani wasiopenda sana kufagia.

Mimi nina neno moja lililobaki, na ni swali. Siku ile ya Jumatatu foleni ilikuwa ndefu, sisi wote tumevaa buluu na nyeupe, na mkono wako ulinionesha mimi. Nimelifikiria tangu Alhamisi. Kama hukujua, basi ilikuwa bahati yangu. Kama ulijua, basi ulichukua lawama yangu ukaiweka kwenye dosye yako, ukanichukua mimi ukaniweka nyuma ya jiko, na hukuniambia lolote mwaka mzima. Naomba unijibu Ijumaa hiyo ya sherehe, kabla hujapanda moto, hata kwa sikio tu: Maman, uliponiita kutoka kwenye foleni, ulikuwa unajua kwamba ni mimi?